Kindi Aliyeachwa Likoni

Asubuhi Zubeida alipoondoka Likoni kwenda kukaa Tanga kwa baba yake, hakulia. Aliyelia ni mama yake, Salme, naye alilia kwa ndani, uso mkavu, mikono ikimfunga mtoto mtandio uliokuwa umeshafungwa vizuri. Lori lilikuwa limekwishawashwa. Baba, Ghanim, alikaa mbele na dereva, kanzu ameikunja mapajani isishike vumbi. Zubeida akarudi mbio hadi barazani, akatia kidole kati ya nyaya za kizimba kilichoning'inia kwenye boriti, na kindi wake akaja akakinusa.

"Mama, nitunzie Hina," akasema. "Bibi hataki mnyama nyumbani kwake. Usimwachie akapotea."

"Sitamwachia."

"Nikija nitamkuta?"

"Utamkuta, mwanangu, inshallah."

Basi lori likashika njia ya kusini, na Salme akabaki na kindi.

Wakati huo vita vya dunia vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu. Kambi za askari zilikuwa zikivunjwa kila upande, na vitu vya jeshi viliuzwa kwa lundo: turubai, madebe, marobota ya waya. Ghanim, aliyewahi kuwa na duka la nguo karibu na kivuko, alinunua kipande cha waya ule safari moja alipokuja kumtazama binti yake, akamtengenezea kizimba. Kindi alikuwa ameanguka kutoka mnazini akiwa mdogo, hajafumbua macho vizuri, na Zubeida alimlea kwa maziwa na kitambaa mpaka akaota mkia. Tumbo lake na mkia wake vilikuwa vyekundu, kama mtu aliyepakwa hina, ndipo akapata jina.

Ghanim na Salme hawakuachana kwa ugomvi. Biashara ilimpeleka Ghanim Tanga, mama yake akamfuata, na huko mama akamtafutia mke mwingine. Salme hakutaka ukewenza, akaomba talaka yake, akapewa. Miaka miwili mtoto alikaa na mama. Alipotimiza miaka minane wazee wa pande mbili wakakutana sebuleni, wakamwita, wakamuuliza apendapo kukaa. Salme alikuwa nyuma ya pazia. Alikuwa hana wasiwasi. Alisikia mtoto akivuta pumzi, halafu akasema kwa sauti nyembamba, "Nataka kwenda kwa baba."

Neno hilo ndilo alilobaki nalo. Kazi yake ilikuwa kushona kofia, na mshona kofia ana muda mrefu wa kuwaza. Sindano ilitoboa, uzi ukapita, na kila tundu lilimuuliza swali moja: nimemkosea nini? Alikumbuka kofi alilompiga siku alipomwaga mafuta ya nazi. Alikumbuka kumkataza kwenda ngomani. Watoto wa chuoni walipopita jioni wakisoma Kurani kwa sauti, alitupa macho njiani kabla ya kujizuia. Akipika wali alikosea kipimo, akapika wa watu wawili.

Na Hina je? Hina naye alikuwa amezoea kutolewa. Zubeida akirudi chuoni humfungulia, kindi akampanda begani, akamtambaa mgongoni, akazunguka chumba kizima mpaka achoke. Salme hakuthubutu kumfungulia. Akimtoroka, atamwambia nini mtoto? Akaufunga mlango wa kizimba kwa waya, akausokota mara mbili. Akakipandisha juu zaidi, karibu na boriti, paka wa jirani wasikifikie. Kindi akaanza kuzunguka. Alipanda waya mpaka juu, akajirusha chini, akapanda tena. Alisugua pua yake kwenye nyaya mpaka manyoya yakatoka, pakabaki kidonda chekundu. Salme aliona, akasema moyoni kwamba mnyama naye ana huzuni yake, itapita.

Haikupita. Asubuhi moja, akisukutua barazani, alisikia mlio ambao hajapata kuusikia, mwembamba na mkali kama ukucha juu ya sahani. Alipotazama juu, Hina alikuwa ananing'inia kichwa chini. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umepenya kwenye tundu la waya wa sakafuni na kunasa, na kila alivyojivuta ndivyo mguu ulivyopinda.

Salme alipanda kiti, akakitelemsha kizimba, lakini ule waya alioufunga mwenyewe ukamshinda kuusokotoa. Akaita, "Dada Mbeyu! Dada Mbeyu, njoo unisaidie!"

Mbeyu alikuwa mama wa Kigiriama aliyefuga mbuzi nyuma ya ua wa Salme, mkubwa kwake kwa miaka mingi, Mkristo wa kanisa dogo la makuti lililokuwa upande wa pili wa njia. Walikuwa wakipeana chumvi na moto tangu Zubeida hajazaliwa. Alikuja na maziwa ya mkamuo mkononi, akaona, akaweka kibuyu chini.

"Usimvute," akasema. "Ukimvuta utapavunja palipobaki. Lete kanga, mfunike kichwa. Asipoona atatulia."

Salme akamfunika. Kweli, purukushani ikapungua. Akakishika kile kiwiliwili kidogo ndani ya kanga, akausikia moyo wake ukienda mbio chini ya vidole, na Mbeyu akazipanua nyaya kwa koleo, moja huku na moja kule, mpaka mguu ukatoka wenyewe.

Ulikuwa umevunjika chini ya goti. Mfupa haukutokeza nje, lakini ngozi ilikuwa imechanika na damu inatoka. Mbeyu akabonyeza kitambaa safi pale, akasubiri, wala hakukiinua kuchungulia kila mara kama Salme alivyotaka. Damu ilipokatika, wakaosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa, yakaachwa yapoe, yakatiwa chumvi kidogo.

"Nina mafuta ya taa ndani," Salme akasema. "Marehemu mama alikuwa akitupaka."

"Mnyama hujiramba. Ukimpaka mafuta ya taa leo, kesho unamzika. Una asali?"

Asali ilikuwepo. Mbeyu akaipaka nyembamba juu ya kidonda. Kisha akamwambia Salme achonge njiti mbili za ukuti, fupi, zisizo na ncha. Mbeyu alikuwa ameunga miguu ya mbuzi mara nyingi, lakini mguu huu ulikuwa mwembamba kama kalamu ya mwanzi, na vidole vyake vilikuwa vinene vya jembe.

"Hapa nashindwa," akasema. "Wewe ndiye wa sindano. Nitamshika, wewe funga."

Salme akauviringisha mguu kwa pamba, akaweka njiti huku na huku, akazungusha utepe wa kitambaa cha bafta, akaumalizia kwa uzi wa hariri wa kofia. Alifunga kama anavyofunga ua la kofia, kwa mkono mwepesi. Mbeyu akamwonyesha vidole vya mguu vilivyobaki nje ya bandeji. "Vitazame hivi kila ukipita. Vikivimba au vikiwa baridi, umekaza mno, legeza. Ukisikia harufu mbaya, fungua, uoshe upya." Mwisho wakapaka juu ya bandeji maji ya majani ya mwarobaini, ili ule uchungu umzuie kuitafuna.

Kizimbani hakurudishwa. Mnyama aliyevunjika mguu hafai kupanda, na akiwa na waya mbele yake atapanda tu. Wakamlaza ndani ya kasha la chai lililotandikwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, kasha pana kuliko kwenda juu, wakalifunika nusu kwa kanga, wakaliweka chumbani pasipo jua wala kelele.

Siku ile Hina hakula. Siku ya pili pia alilala tu, macho nusu, kama kitu kilichotupwa. Salme hakushona. Alilowesha ncha ya kitambaa kwenye uji mwepesi akamdondoshea mdomoni, tone moja, angoje ameze, tone jingine. Alijikuta akisema naye. Kwanza alisema maneno ya kumbembeleza, halafu yakawa mengine.

"Yule amekwenda zake," alimwambia. "Wewe ndiye uliyebaki. Na mimi nimekutundika juu kama kitoweo."

Mbeyu alimsikia kutoka mlangoni. Akaingia, akakaa juu ya mkeka.

"Bi Salme, akipona mwachie aende zake. Huyu ni wa mnazini."

"Hawezi kuruka na mguu huo, dada."

"Na akiweza?"

Salme alitazama ndani ya kasha. "Ni amana. Niliambiwa nisimwachie."

"Uliambiwa umtunze," Mbeyu akasema. "Kumtunza ni kazi nyingine. Kama unamweka, mweke akae kama kiumbe. Kile kizimba ni mtego."

Mbeyu alipokwisha kwenda, Salme alikileta kizimba kile ndani, akakiweka mapajani, akakichunguza kama mtu anayekagua mshono. Aliona kila tundu la waya linapitisha kidole chake, basi litapitisha mguu wa kindi na kuushika kwenye kifundo. Aliona ncha za waya zilizokatwa zimeachwa zikitazama ndani, na kwenye mbili tatu palikuwa na manyoya mekundu. Aliona hakuna hata pembe moja ambayo mnyama angejificha. Ghanim alikitengeneza kwa mapenzi, hakuna shaka. Lakini alitengeneza kitu cha kumtazamia kindi, hakutengeneza mahali pa kukaa.

Hina alipoanza kula, alianza na punje za mahindi mabichi, kisha akalitafuna pera mpaka likabaki kikonyo. Salme alicheka peke yake. Ndipo akaanza kazi ya kizimba kipya. Aling'oa bawa la dirisha bovu lililokuwa uani, mbao zake zikawa sakafu na ubavu. Waya wa jeshi akautupa, akapata wavu wenye matundu madogo, ule wa kukingia nzi kwenye kabati la chakula, akaupigilia mbele kwa nje, ncha zote akazikunja zikaelekea nje, na juu yake akapigilia kipande cha ubao. Hakukifanya kirefu kwenda juu, bali kipana, na ndani akaweka vijukwaa vya mbao vya kupandia kimoja baada ya kingine, hata akianguka aanguke karibu. Akatia kifuu kikubwa cha nazi cha kujificha, na tawi la mpera la kutafuna, maana meno ya kindi hayaachi kuota, na asipopata mti atatafuna waya. Akakiweka mezani, kivulini, mgongo wake ukutani, paka wasimzunguke.

Bandeji ilipofunguliwa mguu ulikuwa umeunga, lakini ulikaa upande kidogo na haukukunjika sawasawa. Kila alasiri Salme alifunga mlango na madirisha, akafungua kile kizimba. Mara ya kwanza Hina alitoka akichechemea, akasimama katikati ya mkeka, akatazama huku na huku. Salme alijua anamtafuta nani. Akakaa kimya, mkono wazi juu ya goti, mpaka kindi akaja akaupanda mkono wake, kwa kukosa mwingine.

Mwaka ulipogeuka, kabla ya Idi, dereva wa lori alileta salamu kwamba Ghanim anakuja na mtoto. Salme alipaka nyumba chokaa. Alikaanga vibibi vya unga wa mchele, akasahau kula. Lori lilipofika, aliyeteremka alikuwa msichana mrefu, magoti yote nje ya kanzu, na jino la mbele jipya lililokuwa kubwa kuliko uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Akamkumbatia, akamnusa utosini. Harufu ilikuwa ya mafuta asiyoyajua.

Ghanim alikwenda kulala kwa nduguye ng'ambo, kisiwani, akamwacha mtoto kwa mama yake mpaka sikukuu ipite. Jambo la kwanza Zubeida alikimbilia barazani, akatazama boriti tupu, akageuka, uso umemshuka.

"Yuko ndani," Salme akasema. "Njoo."

Zubeida alipiga magoti mbele ya kizimba kipya. Hina akatoka kwenye kifuu chake, akaja mbele akiburura kidogo mguu, akanusa. Mtoto akatazama ule mguu.

"Amefanyaje?"

Salme angeweza kusema alikuja hivyo kutoka mtini, au ni paka. "Alinasa kwenye waya," akasema. "Nilikuwa nimemfungia mno, simtoi. Nilichelea asinipotee."

Zubeida alisogea karibu zaidi. Akafungua mlango, akatia mkono, akangoja. Hina alinusa vidole, akarudi nyuma, akanusa tena. Ilikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Halafu akapanda mkono, akafika begani, akajikunja shingoni chini ya nywele, na Zubeida akafumba macho.

Siku zile mama alimfundisha mtoto kazi yote. Alimwonyesha kubadilisha makumbi yakilowa, kupitisha kitambaa juu ya wavu na kukitazama kinapokwama, maana panapokwama kitambaa patakwama na ukucha, na kumtazama nyayo kila anapomtoa kama zina wekundu. Siku ya pili ya Idi walikuwa wameketi chini wawili, Salme ameshika koleo anakunja ncha ya waya iliyochomoza, mtoto anafagia ndani kwa mkono. Zubeida akauliza bila kuinua kichwa:

"Mama, hujaolewa bado?"

"Kuolewa? Nani kakwambia naolewa?"

"Bibi. Wakati ule. Alisema mwanamke mwenye mtoto mkubwa hapati mume, na wewe ungali msichana. Akasema kama nakupenda nikuache upate bahati yako." Alikusanya makumbi mkononi, akayarudisha. "Ndipo nikasema naenda kwa baba. Sasa nimekuja, naona uko peke yako."

Salme aliweka koleo chini, taratibu, kama chombo kilichojaa maji. Kofi la mafuta ya nazi, ngoma aliyomkataza, matundu yote ya kofia zote, yakampita mbele ya macho. Alitaka kumtukana yule mama mkwe wa zamani, na maneno alikuwa nayo. Akayameza.

"Zubeida."

"Abee, mama."

"Mimi sikutaka mume. Nilikutaka wewe. Tangu ulipotoka mlango huu nimekutaka wewe, mpaka leo."

Mtoto alimtazama, midomo ikaanza kumcheza. Ndipo akalia kilio kile alichokuwa hakulia asubuhi ya lori, na Salme akalia naye, wala hakukificha. Hina alikimbilia kifuuni.

Ghanim alipokuja kumchukua, Salme alimkaribisha barazani, akamtilia kahawa, akamweleza. Ghanim akakiweka kikombe chini. Hakuwa akijua.

"Mama alitaka mjukuu karibu yake," akasema. "Hakukusudia kukuumiza."

"Sikukuita kumlaumu mama. Nataka mtoto aulizwe tena, na safari hii asinong'onezwe na mtu. Wala na mimi."

Wakamwita. Zubeida alisimama baina yao, akishika nguzo ya baraza. Alisema anataka kukaa na mama. Halafu akasema kwamba huko Tanga ameanza shule na mwalimu amemweka mbele, na kwamba ndugu yake mdogo wa mama wa kambo, Barakat, hajajua kutembea na halali mpaka yeye amwimbie. Alikuwa ametaka vyote, na alikuwa mkubwa vya kutosha kuona haviwezekani.

Ghanim na Salme walitazamana kama hawakutazamana tangu talaka. Wakakubaliana hivi: amalize mwaka wake wa shule Tanga, kisha arudi Likoni kwa mama, na kila likizo aende kwa baba na nduguye. Salme alisema ndiyo kwa mdomo uliokuwa mzito. Mwaka wa shule ulikuwa bado mbichi. Angeweza kushikilia, mtoto alikwisha kusema neno lake. Lakini alimwona vile alivyolitaja jina la Barakat, akamwacha aende.

"Na Hina?" Zubeida aliuliza karibu na lori.

"Hina ana nyumba yake hapa. Utamkuta."

Mtoto alipanda, akakaa ubavuni mwa baba yake, na safari hii yeye ndiye aliyetoa kichwa nje akatazama nyuma mpaka vumbi likamfunika. Mbeyu alikuwa amesimama uani kwake na kamba ya mbuzi mkononi. Baadaye kidogo alimletea Salme maziwa, akaenda zake.

Jioni ile Salme alitandaza mkekani kipande cha kitambaa cha maua alichokuwa amekiweka tangu zamani, akataka kumkatia mtoto gauni la kuvaa siku ya kurudi. Alikuwa amempima kwa macho tu. Akaweka alama begani, akashuka mpaka pindo, akatia nyingine, akaushika mkasi. Hakukata. Alifikiri juu ya miezi iliyobaki, na yale magoti, na jinsi mtoto anavyorefuka mahali ambapo mama haoni. Akaisogeza alama ya pindo chini kidogo. Akaitazama, akaisogeza tena.